Mbolea Niliyompa Wifi

Wifi yangu simpendi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani ulimi wangu umeteleza. Nikimsema vibaya, ujue nimekusudia. Wala sihitaji kumsingizia, maana ya kweli yapo ya kutosha.

Aliolewa na kaka yangu wa pili miaka kumi na minane iliyopita. Aliingia nyumbani kwetu na sanduku moja, sufuria mbili na gunia lililofungwa kwa kamba. Tulidhani gunia lile lina nguo. Kumbe lilijaa marando ya viazi vitamu, yale mashina marefu ya kupandia, yamelowana na kuchuruzika maji sakafuni. Hata hajaonyeshwa choo kiko wapi, akamwuliza mama, "Mama, huko nyuma ya nyumba kuna nini?" Mama akamwambia kuna uwanja tu. "Basi ngoja nikauone," akasema, na papo hapo akavua viatu vyake vya harusi.

Uwanja ule ulikuwa wangu. Mimi ni fundi cherehani, na mama alikuwa ameniahidi tangu siku niliyomaliza kujifunza kazi kwamba pale nitajengewa chumba cha kushonea, chenye dirisha pana na meza ndefu ya kukatia. Mpaka wifi anaingia, kilichokuwa kimejengwa ni maneno. Yeye hakungoja maneno. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameinua matuta kumi, kitalu cha karoti kando ya ukuta, mihogo kwenye kona na magimbi pale maji ya bafuni yanapotokea. Nami nikabaki kushonea barazani, ambako nashonea hata leo. Mvua ikipiga kwa upande nakusanya vitambaa vya watu mbio mbio na kuvikumbatia kama kichaa.

Yeye ni dobi wa hospitali. Kazi yake ni kufua mashuka ya wodi nzima, yenye damu na yenye kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa, na kuyaloweka kwenye dawa ya kung'arisha. Dawa ile ilimchubua vidole na kumwua pua. Mwekee samaki aliyeoza, mwekee na sabuni ya marashi, kwake ni sawasawa. Kila akitoka kazini saa tisa alasiri, alipita barazani kwangu bila kukaa, akaenda moja kwa moja kwenye matuta yake.

Watu wengine viazi vitamu huvichimba kwa jembe, siku moja, tuta zima, basi. Yeye hapana. Kuanzia mwezi wa tatu tangu kupanda alizunguka akitafuta nyufa, maana kiazi kikinenepa udongo wa juu hupasuka. Akiona ufa alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa huko chini akiwa amefumba macho, akachagua kilichokomaa, akakinyonga taratibu mpaka kikaachia, kisha akafukia. Shina lenyewe halikujua kama limepungukiwa. Vile vidogo vilivyobaki vikapata nafasi, navyo vikanenepa. Kwa mtindo huo tulikula tuta moja miezi miwili. Majirani wakampa jina la Mkunga, na kwa kuwa alifanya kazi hospitali, nakumbuka wajawazito wawili waliokuja kugonga kwetu wakiwa wameshika viuno. Aliwapa karoti mojamoja, akawaelekeza wodi ilipo.

Kila mtu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimjua mdomo wake. Mwaka wake wa kwanza nilimshonea gauni, kitambaa changu, uzi wangu, marinda sita. Wiki mbili baadaye nikalikuta bustanini limetundikwa juu ya mti, mikono imenyooshwa, linafukuza ndege kwenye miche. Nikamwuliza ana maana gani.

"Wifi, lilinibana makwapani," akasema. "Lakini ndege wanaliogopa sana."

Alisema hivyo mbele ya wateja wangu. Mmoja alicheka mpaka akaomba kiti.

Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Kaka yangu alikuja kufa kwa homa ya siku tisa, na nililia mimi, akalia yeye, na kwa siku chache tulikuwa watu wawili wenye adabu. Nikadhani arobaini ikiisha atarudi kwao. Ilipoisha, akapanda karoti. Nikangoja mwaka. Akapanda tena. Ndani ya nyumba, mama alikuwa amedhoofika miguu, na meno yalikuwa yamebaki manne yasiyokutana. Wifi akawa anamchemshia viazi, anaviponda kwa mwiko mpaka vinakuwa laini, anamlisha huku wakisengenya watu wa mtaa mzima. Nilikuwa nawasikia kutoka barazani wakicheka. Nikiingia, wananyamaza. Siku moja mama aliita kutoka chumbani, "Mwanangu!" Nikaacha cherehani, nikaenda. Akaniangalia, akasema, "Siyo wewe."

Hapo ndipo nilipoamua. Sitaki kupamba maneno: niliamua aondoke. Nilikitaka chumba changu cha kushonea, ndiyo, lakini zaidi nilimtaka mama yangu. Nilitaka akiita, mtu wa kuitika awe mmoja.

Nikampigia simu kaka mkubwa. Yeye ni msimamizi wa ujenzi, anaishi mbali, anakuja mara mbili kwa mwaka, na akifika mahali popote kwanza hupima kwa hatua. Alipokuja akapima uwanja wa nyuma, akasema panaingia chumba cha kushonea na vingine viwili vya kupangisha. Tukaitana sebuleni, sisi watatu na mama kwenye kiti chake.

"Shemeji," kaka akamwambia, "sikufukuzi. Lakini mwenyewe unaona. Marehemu hayupo, uwanja umejaa majani, na mdogo wangu anashonea nje kama mkimbizi. Hicho kibustani kinaisaidia nini nyumba hii?"

Mtu mwingine angelia, au angeomba. Huyu alisimama, akajishika kiuno.

"Kibustani?" akasema. "Wiki hii napanda upya matuta yote kumi. Miezi minne, shemeji. Uje na jembe lako mwenyewe. Nisipokujazia magunia matatu, nitafunga virago bila kuambiwa na mtu. Na msimu huu sichomoi hata kimoja kwa mkono. Vyote vitakaa humo humo mpaka uje uvione kwa macho yako."

Kaka akasema sawa. Mama akasema, "Mwanangu, usiape," na safari hii sikuuliza anamwambia nani.

Magunia matatu angeyapata. Nililijua hilo vizuri kuliko kaka. Udongo ule alikuwa ameulisha majivu na majani makavu kwa miaka yote hiyo, ulikuwa mweusi na mwepesi, unaweza kuuchota kwa kiganja. Nikakaa na cherehani yangu siku tatu nikiwaza. Kung'oa marando ni uhuni, na ningekamatwa. Kumwaga chumvi, mama angeona vinanyauka. Nikakumbuka jambo ambalo wifi mwenyewe alikuwa akimweleza mama wakati wa chakula, bila kujua kwamba na mimi nina masikio: kwamba kiazi kitamu hakitaki mbolea ya kuku. Ukikipa mbolea kali kinahangaika na majani tu, chini hakiweki kitu.

Mkabala na kwetu yupo mfuga kuku, mwenye mabanda matatu na harufu ya mabanda thelathini. Nilipomwomba mbolea alinishukuru mimi. Nikatafuta ndoo yenye kifuniko, nikawa naivundika mbolea kwa maji siku mbili mpaka inakuwa uji, nazimua, halafu wifi akishaondoka asubuhi kwenda kwenye mashuka yake namwagilia. Tuta la kwanza mpaka la kumi, kwenye shina, polepole, mara mbili kwa wiki. Sijawahi kufanya kazi ya bustani kwa bidii namna ile. Kilichobaki kwenye ndoo nilikimwaga kwenye kitalu cha karoti, kwa sababu hata karoti zake nilikuwa sizipendi.

Angekuwa na pua angenikamata wiki ya kwanza. Uwanja ulinuka mpaka wateja wangu wakawa wanapimwa wakiwa wameziba pua. Nikawaambia ni kwa mfuga kuku, upepo umegeuka.

Mama aliniona. Dirisha la chumba chake linatazama nyuma. Asubuhi moja, ndoo ikiwa mkononi, nikasikia, "Unafanya nini hapo?"

"Namwagilia, mama. Namsaidia wifi."

"Tangu lini?"

"Si ndiyo mlikuwa mnataka tupatane?"

Alinitazama mpaka nikamaliza tuta lile na lililofuata, kisha akavuta pazia.

Mwezi wa pili marando yalikuwa yamefunika mifereji. Mwezi wa tatu yalipanda ukuta. Majani yalikuwa mapana na ya kijani cha giza, ukipita yanakufikia magotini. Majirani wakawa wanakuja kushangaa. "Mkunga safari hii amejipita," walisema, na yeye akawa anatembea kati ya matuta akiwa amebenua kidevu. Alinipitia barazani, akasema, "Wifi, anza kuzoea hapo hapo. Mimi siendi popote." Nikamwambia, "Hongera, wifi." Sijawahi kutamka neno tamu kama lile, na roho yangu ikasuuzika.

Kilichomshtua ni karoti. Aling'oa moja apike, ikatoka na miguu mitatu. Akang'oa nyingine, hiyo ilikuwa imejipinda na kuota ndevu. Aling'oa mstari mzima, akazipanga juu ya ukuta, akakaa akizitazama. Karoti hupasuka miguu namna hiyo udongo ukiwa na mawe au mbolea mbichi, na mawe yeye alikuwa ameyaokota kwa mkono, moja moja, miaka kumi na minane. Akainuka akaenda kwenye tuta la kwanza. Ufa hakuna. La pili, hakuna. Alizunguka yote kumi akiwa ameinama, na mimi nikiwa barazani nimeacha kukanyaga cherehani ili nisikie vizuri.

Aliapa hatachomoa kitu, na kiapo kile alikiheshimu mpaka siku hiyo. Angeingiza mkono mwezi wa tatu kama kawaida yake, angejua mapema, angekata majani, angefanya lolote. Lakini alikuwa amejifunga mwenyewe kwa kiburi chake, na zilikuwa zimebaki wiki mbili. Akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akafumba macho. Akautoa. Akahamia tuta jingine. Alipomaliza alikuja barazani, udongo umemjaa mpaka shingoni, akaninyooshea kiganja. Ndani yake kulikuwa na mizizi myembamba kama kamba za viatu.

"Umeupa nini udongo wangu?"

"Nimeupa chakula," nikamwambia. "Au hata hilo ni kosa?"

"Mbolea ya kuku."

"Wifi, wewe si ndiye mtaalamu? Mimi fundi wa kushona najua wapi mambo ya mbolea?"

Nilidhani atanipiga, na kusema kweli nilitaka anipige, ili niwe na la kumwonyesha kaka. Akanitazama tu. Kisha akaipangusa ile mizizi kwenye kitambaa cha mteja kilichokuwa mezani, cheupe, cha harusi, akaingia ndani. Nilikifua mara tano kitambaa kile. Doa halikutoka.

Kaka mkubwa akaja na jembe, kama alivyoambiwa. Alipoona bustani akapiga mbinja. "Shemeji, kumbe kweli!" akasema, akavua shati. Tuta la kwanza akalifumua lote. Majani alitoa mlima, viazi alitoa vitatu, vya unene wa kidole gumba. Tuta la pili, hata hivyo vitatu hakuna. Kufika la sita akawa ameshaacha kutania. Mavuno ya matuta kumi hayakujaza hata ndoo, na ndoo yenyewe niliileta mimi. Ile ile.

"Ameviua," wifi akasema. Hakupiga kelele. "Huyu. Amevimwagia mbolea ya kuku miezi mitatu nikiwa kazini. Mwulize mfuga kuku."

Kaka alimwangalia, akaniangalia mimi, halafu akacheka kicheko cha mtu aliyechoka.

"Shemeji, mimi nafanya kazi na watu," akasema. "Nimeona wanaoiba saruji. Nimeona wanaotiana uchawi kazini. Lakini mtu kumharibia mwenzake kwa kumtilia mbolea, hapana. Hilo usinipe. Udongo ni huu, majani ni haya. Kama hakuna kiazi, aliyepanda ndiye hakujua."

"Nilikuwa namsaidia tu," nikasema. Hata machozi yalinilengalenga, sijui yalitoka wapi.

"Mama," kaka akageuka, "wewe unasemaje?"

Mama alikuwa ametolewa kiti chake nje, amekaa kivulini kwenye ukuta wa jikoni. Angesema neno moja tu, nimekwisha. Alimtazama wifi kwa muda mrefu, akanitazama mimi kwa muda mfupi.

"Aliahidi magunia matatu," akasema. "Hayapo."

Nilitaka kumkumbatia. Mama yangu, damu yangu, amenisitiri mbele ya kaka! Usiku ule nililala fofofo, bila hata kugeuka. Nilikuwa nimeshinda, na niliona mama ndiye aliyenishindisha.

Wifi alipata chumba cha kupanga karibu na hospitali, chenye kijiuwanja nyuma kinachotosha matuta mawili. Jumamosi asubuhi akaleta mkokoteni. Nilikaa barazani na kazi yangu mkononi, nikijifanya natunga sindano, nione kama atabeba hata kijiko kisicho chake. Likatoka sanduku. Zikatoka sufuria. Likatoka gunia la marando, ameyakata upya. Halafu likatoka godoro, na nikaitambua ile foronya yake, maana niliishona mimi.

"Weka hilo chini," nikamwambia. "Hilo la mama."

"Ni la mama," akasema, akalifunga kamba.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kitupu, amevaa nguo zake za kutokea, na kifurushi cha dawa zake mapajani. Nikadhani haelewi kinachoendelea, uzee huu.

"Mama, wamekosea, wamebeba godoro lako."

"Hawajakosea."

"Unakwenda wapi?"

"Ninakokwenda si unakuona?" Akanipa mkono nimwinue, na mimi, kwa mazoea, nikamwinua.

"Mama, kile ni chumba kimoja! Utalala wapi? Nani atakuponda—" nikashindwa hata kusema sawasawa. "Nani atakupondea chakula?"

"Yeye yule aliyekuwa ananipondea hapa."

Tulikuwa tumeshafika mlangoni. Niliushika mkono wake kwa nguvu, na nilijua ninamwumiza, na sikuulegeza. Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu ndoo na mfuga kuku, na kwamba nilifanya vile kwa ajili yake, ili tukae sisi wawili. Nikamwambia nitamwita kaka sasa hivi nimweleze ukweli, na wifi abaki, achukue uwanja wote, apande mpaka barazani. Alinisikiliza bila kushangaa hata kidogo.

"Mimi ndiye mtoto wako, mama," nikamwambia. "Siyo yeye. Mimi."

"Najua," akasema, akakibandua kidole changu kimoja, kisha kingine. "Ndiyo maana nimekuachia nyumba."

Wifi alimsogezea bega, mama akaliegemea, wakaanza kutembea nyuma ya mkokoteni. Njia yetu ina mashimo. Nilimsikia wifi akimwambia mwenye mkokoteni aende polepole.